Nani Atamgeuza Usiku? Mwongozo kwa mlezi mzee aliye ugenini Uganda na anayemtunza ndugu mwenye ulemavu

Mama yangu alifariki katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, na siku tatu baada ya mazishi mdogo wangu alikuwa bado hajala chochote zaidi ya vijiko vichache vya uji. Mdogo wangu ana mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa, hasemi maneno, na kwa miaka 38 mikono iliyomlisha, kumwosha na kumgeuza usiku ilikuwa ya mama peke yake. Tulimpikia uji ule ule, tukamkalisha kwenye kiti kile kile, lakini alifumba mdomo na kugeuza uso ukutani. Siku ya nne jirani mmoja, aliyekuwa na mazoea ya kuja kuota jua mlangoni kwetu, alituambia kwamba mama hakuwahi kumlisha akiwa mbele yake. Alikaa upande wa kushoto, akamgusa bega mara mbili, ndipo akasogeza kijiko. Tulifanya hivyo, naye akafungua mdomo.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu ya siku hizo tatu. Mama hakuwa mzembe, kwani sijamwona mlezi mwingine aliyejua kazi yake kama alivyoijua yeye, lakini yote aliyoyajua aliyabeba mwilini mwake akaenda nayo. Kwetu Uvira jambo hilo lisingekuwa na madhara makubwa, maana shangazi, wake za wajomba na binti za jirani waliingia na kutoka nyumbani kutwa nzima, na kila mmoja alikuwa ameona. Ugenini ukoo umetawanyika: mmoja yuko Kampala, mwingine kwenye makazi ya Rwamwanja, wawili wamehamishiwa Marekani, na waliobaki nyumbani simu zao hazipatikani. Mlezi amebaki peke yake na mtu wake, na umri unazidi kwenda.

Ninawaandikia akina mama, akina baba, dada na kaka wakubwa waliovuka miaka 60 au wanaoikaribia, waliokuja Uganda kutoka Kongo, Burundi, Rwanda au Sudan Kusini, na wanaomtunza mwana, ndugu au mwenzi mwenye ulemavu. Yaliyomo humu ni ya kutendwa sasa, wakati bado una nguvu za kumfundisha mwingine.

Anza na daftari

Nunua daftari moja la shule lenye jalada gumu, ulitundike mahali pamoja ndani ya nyumba, na usiruhusu watoto walitumie kwa hesabu zao. Kama hujui kuandika, mwite mjukuu au kijana wa kanisani umsimulie naye aandike, kisha akusomee ili uhakikishe kwamba ameandika ulichosema na hakuandika alichodhani. Usijaribu kumaliza kwa siku moja. Njia iliyotufaa sisi ilikuwa kuifuata siku yenyewe: kila unapofanya jambo, simama kidogo na useme kwa sauti unafanya nini na kwa nini, kwa sababu mambo mengi ambayo mlezi wa miaka mingi anayafanya hata hajui kwamba anayafanya.

Ukurasa wa kwanza uwe wa mambo ambayo mgeni akiyakosa usiku mmoja tu, mtu wako anaweza kuumia. Andika jina lake kamili kama lilivyo kwenye hati ya familia, mwaka wa kuzaliwa, aina ya ulemavu, dawa anazotumia na kiasi chake, chakula au dawa inayomdhuru, na namba za simu za watu wawili wa kuitwa. Kama ana kifafa, andika kwa herufi kubwa jinsi kinavyoanza kwake na hudumu muda gani kwa kawaida. Andika pia la kufanya: alazwe kwa ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, kitu laini kiwekwe chini ya kichwa, asishikiliwe kwa nguvu, na asitiwe kijiko wala kitambaa mdomoni hata mara moja. Degedege likipita dakika 5, au likirudi kabla hajapata fahamu, apelekwe kituo cha afya bila kungoja asubuhi.

Kurasa zinazofuata zieleze siku nzima tangu kuamka hadi kulala. Hapa ndipo ninapowaomba muwe wachoyo wa maneno ya jumla na wakarimu wa mambo madogo. Sentensi isemayo «apewe chakula asubuhi» haimsaidii mtu yeyote. Ukurasa mmoja wa daftari letu unasomeka hivi:

«Uji uwe mzito kiasi cha kutodondoka upesi kijiko kikiinamishwa, kwa sababu uji mwepesi na maji matupu humpalia. Akalishwe wima, mto mmoja nyuma ya kiuno na mwingine ubavuni kulia, kidevu kiinamishwe kidogo kuelekea kifuani. Kaa kushoto. Mguse bega mara mbili. Kijiko kisijae. Ngoja uone koo limepanda na kushuka kabla ya kijiko kingine. Akikohoa, acha kabisa mpaka apumue vizuri. Baada ya kula abaki amekaa nusu saa, asilazwe. Akikunja ngumi ya kulia ameshiba. Akiuma mdomo wa chini anaumwa tumbo, na mara nyingi ni kwa sababu hajapata choo kwa siku mbili.»

Ishara za mwisho ndizo zilizotuchukua miezi mingi kuzitambua upya, ingawa mama alizijua zote. Kwa mtu asiyesema, orodha ya ishara zake ndiyo kamusi yake, na mlezi mzee ndiye pekee anayeweza kuiandika. Andika anavyoonyesha njaa, maumivu, hofu, furaha na kutaka kwenda haja. Andika wimbo unaomtuliza, mtu asiyempenda, na sauti inayomshtua. Kama ni kiziwi, andika ishara zenu za nyumbani moja moja, kwa sababu lugha ya alama aliyofundishwa Goma au Bukavu haifanani na Lugha ya Alama ya Uganda, na hata mkalimani wa hapa anaweza kushindwa kumwelewa mwanzoni.

Kwa mtu asiyeweza kujigeuza kitandani, tenga ukurasa wa usiku. Vidonda vya kulalia huanza mahali mfupa unapokaribia ngozi, yaani matakoni, kwenye nyonga, visigino, viwiko na nyuma ya kichwa, na vinaweza kuanza kwa saa chache tu za kulala upande mmoja. Kawaida inayofundishwa ni kumgeuza kila baada ya saa 2, na kwa anayekaa kwenye kiti cha magurudumu kumwinua au kumwegemeza upande mwingine kila nusu saa hivi. Andika zamu za upande, mito inawekwa wapi, na wapi pa kuangalia kila asubuhi. Ngozi iliyobadilika rangi na kubaki hivyo hata ikibonyezwa, au iliyo ya moto au ngumu kuliko sehemu za jirani, ni kidonda kinachoanza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo mkono unaopapasa unafaa kuliko macho.

Mikono ya pili

Daftari halimgeuzi mtu. Baada yake, kazi kubwa ni kumpata mtu wa pili, na hapa walezi wengi hukwama kwa sababu wanatafuta mtu mmoja atakayechukua mzigo wote kama walivyouchukua wao. Mtu huyo hayupo, na hata akiwapo ataogopa akiombwa namna hiyo. Mtafute wa kazi moja. Mwombe binti wa jirani aje kumlisha mchana mmoja kwa juma, mwombe kijana mwenye nguvu wa kwaya akusaidie kumwogesha siku ya Jumamosi, mwombe mama mwenzako wa ibada akae naye ukienda kituo cha afya. Kila mmoja akishaizoea kazi yake, umwongezee ya pili.

Kufundisha kuna utaratibu wake. Mara ya kwanza afanye kwa macho, yaani akutazame tu huku ukieleza. Mara ya pili mfanye pamoja, mikono yako juu ya yake. Mara ya tatu afanye yeye nawe uwepo, ukinyamaza hata anapochelewa. Najua ni vigumu, na nimewaona akina mama wakinyang'anya kijiko kabla ya dakika moja kupita. Mara ya nne utoke nje, ukae uani mahali unaposikia. Baada ya hapo nenda sokoni. Mtu mwenye ulemavu naye anafundishwa katika hatua hizo hizo, kwa sababu anajifunza kwamba kuna mikono mingine isiyo ya mama ambayo haimwumizi.

Wakongomani tunaijua likelemba, ambamo kila mmoja hutoa fedha kidogo na mmoja mmoja hupokea chungu kizima kwa zamu. Katika mtaa wetu wa Kampala, tulikohamia baadaye, walezi wachache tuliamua kufanya likelemba ya siku. Kila mlezi hutoa nusu siku kwa mwenzake mara moja kwa juma, na siku yake ikifika wengine humfanyia yeye. Fedha hazihusiki, ila tunapanga nauli ya bodaboda kwa anayetoka mbali. Faida yake hatukuitarajia: ndani ya miezi michache kila mtu mwenye ulemavu katika kundi letu alikuwa akijulikana kwa mwili na kwa tabia na watu watatu au wanne, na mmoja wetu alipougua ghafla hapakuwa na nyumba iliyolala bila mlezi.

Hata hivyo, usimfungulie mlango kila anayejitolea. Wanawake, wasichana na watoto wenye ulemavu, hasa wasioweza kusema, hudhuriwa zaidi na watu wanaowafahamu kuliko na wageni, na heshima ya mtu kanisani au msikitini haitoshi kuwa dhamana. Kazi za kuogesha na kuvalisha zigawanywe kwa jinsia kila inapowezekana, mlango usifungwe kwa ndani, na wewe uwe na desturi ya kurudi mapema bila kutaarifu. Akianza kulia anapomwona mtu fulani, akirudia kukojoa kitandani baada ya kuacha, au ukiona michubuko isiyo na maelezo, amini mwili wake kabla ya maneno ya mtu. Peleka habari kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, au wa RWC, yaani baraza la wakimbizi la makazi, na kwa kitengo cha polisi cha kulinda mtoto na familia. Kwa mtoto unaweza pia kupiga 116, ambayo ni namba ya bure nchini kote. Muathiriwa afikishwe kituo cha afya haraka, ikiwezekana kabla ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazifai tena baada ya muda huo, na asiogeshwe kwanza.

Katika haya yote yuko mtu ambaye tunamsahau kumuuliza. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na roho ya mkataba ule ni kwamba mtu huyo ana neno katika maisha yake mwenyewe. Anayeweza kusema, muulize anataka nani amwogeshe na anataka kuishi na nani siku utakapokuwa huna nguvu. Asiyesema, mtazame anavyompokea kila mmoja. Mpe pia nafasi ya kufanya anayoyaweza. Mlezi aliyemlisha mwanawe miaka 40 anaweza kuwa hajawahi kujaribu kumpa kijiko kilichonenepeshwa mpini kwa kuzungushiwa kitambaa, na kila jambo moja analoliweza mwenyewe ni jambo moja ambalo mrithi wako hatahitaji kulibeba.

Mgongo wako na presha yako

Mlezi wa miaka 65 anayemwinua mtu mzima mara nane kwa siku anautumia mgongo ambao hautapona kama wa kijana. Mbinu za wauguzi zinawezekana hata kwenye chumba kimoja cha kukodi. Inua kitanda kwa matofali chini ya kila mguu mpaka godoro lifike karibu na kiuno chako, ili usiiname unapomvalisha au kumsafisha. Kama anaweza kuanguka, weka ubao wa kuzuia kando. Tandika shuka iliyokunjwa mara mbili, au kitenge kizito, chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani, kisha mvute kwa shuka hiyo badala ya kumshika makwapani. Watu wawili wakishika pembe zake wanamsogeza mtu mzito bila kumwinua. Unapolazimika kuinua, tenganisha miguu, kunja magoti, mlete karibu na kifua chako, na ugeuke kwa kupiga hatua, usipinde kiuno.

Kwa choo cha shimo, fundi seremala anaweza kukutengenezea kiti cha mbao chenye tundu kinachokaa juu ya shimo, pamoja na nguzo ya kushika ukutani. Kwa kuogea, kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kinatosha, mradi miguu yake isiteleze. Kiti cha magurudumu ni jambo jingine, na ninalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona viti vya msaada vilivyotolewa bila kupimwa: kiti kikiwa kipana mno mtu hulala upande mmoja na uti wa mgongo hupinda zaidi, na kikikosa mto kinampa vidonda. Ukipewa kiti, omba kipimwe kwa mwili wa mtu wako na uulize mto uko wapi. Kwa njia zetu za vumbi na mashimo, kiti chenye magurudumu matatu, la mbele likiwa mbali, hupita vizuri kuliko kile cha hospitalini chenye magurudumu madogo mbele. Pancha huzibwa na fundi yeyote wa baiskeli.

Hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe, hushughulikia upasuaji wa viungo na mazoezi, na Katalemwa Cheshire Home iliyo kaskazini mwa Kampala inawahudumia watoto wenye ulemavu. Mwenye mtoto wa kichwa kikubwa au mgongo wazi aulize juu ya hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale, ambayo upasuaji wake wa kichwa maji unajulikana duniani. Walioko kwenye makazi waanzie kituo cha afya ili wapewe barua ya rufaa.

Nawe mwenyewe uwe na kitabu chako cha matibabu. Nimewaona walezi wanaojua tarehe zote za dawa za watoto wao na hawajapimwa presha tangu walipovuka mpaka. Huduma katika vituo vya serikali ni ya bure kwa mkimbizi kama ilivyo kwa raia, ingawa dawa zinaweza kuwa zimekwisha. Mkienda kuchukua dawa ya mgonjwa wako, kaa kwenye foleni ya pili upimwe presha, sukari na macho. Maumivu ya kifua, ganzi ya upande mmoja, mdomo kupinda au ulimi kuwa mzito havingojwi mpaka chakula cha mchana kipikwe. Usingizi uliokatika kila saa 2 kwa miaka mingi nao ni ugonjwa unaojijenga polepole, na ndiyo sababu zamu ya usiku ni msaada wa kwanza wa kuomba, kabla ya fedha.

Karatasi

Kila nyumba ya mkimbizi inajua thamani ya hati ya familia, ile tunayoiita atestesheni, lakini wachache huisoma kwa jicho la siku ambayo mlezi hayupo. Angalia kwanza kama mtu wako mwenye ulemavu yumo kwenye hati ile ile uliyomo wewe na kama uhusiano wenu umeandikwa sawasawa. Mtu mzima mwenye ulemavu anaweza kuandikwa peke yake kwa kuwa amevuka miaka 18, na mpwa anaweza kuandikwa mtoto. Makosa hayo hukaa kimya miaka mingi kisha yakatenganisha watu wakati wa uhakiki au wa kuhamishwa. Nenda kwenye ofisi ya OPM, yaani ya Waziri Mkuu, ueleze, na uombe pia aandikwe katika kundi la watu wenye mahitaji maalumu. Kisha mtaje anayekusaidia, ili ofisi ijue kwamba mikono ya pili ipo.

Mlio kwenye makazi na mnaopata mgao wa chakula au fedha, hakikisheni kwamba kuna mtu wa pili aliyesajiliwa kupokea badala yenu. Tangu 2023 familia zimegawanywa katika makundi matatu kulingana na udhaifu wao, na familia ya mzee na mtu mwenye ulemavu mkubwa isiyo na mwenye kufanya kazi ina hoja nzito ya kuwa katika kundi la kwanza. Kama imewekwa kwingine, kata rufaa kupitia dawati la malalamiko, na uende na daftari lako, maana ukurasa unaoonyesha mtu anageuzwa kila saa 2 unaeleza zaidi ya machozi. Tulio Kampala kwa kawaida hatupati mgao, na tulijua hivyo tulipochagua mji.

Kuna jambo ambalo wengi huuliza, nami nalijibu waziwazi ili mzee asipoteze nauli: ruzuku ya wazee ya shilingi 25,000 kwa mwezi inayotolewa na serikali ni ya raia wenye kitambulisho cha taifa, kwa hiyo mkimbizi haipati hata akiwa na miaka 90. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza ubaguzi katika huduma kama afya na elimu, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na raia. Mwalimu akikataa kumpokea mtoto kwa sababu ya ulemavu wake, una sheria mbili za kusimamia. Chama cha NUDIPU, kilichoanzishwa 1987, kinaunganisha watu wenye ulemavu nchini, na matawi ya wilaya huwa yanajua mafundi na misaada iliyo karibu.

Andika wosia, hata kama mali yako ni godoro na sufuria. Uwe wa maandishi, uutie sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wawili ambao nao watie sahihi, na useme unapenda nani amlee mtu wako na kwa nini. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, ulezi wa kisheria una taratibu zake, na afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya ndiye wa kuanzia. Refugee Law Project, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere uliopo tangu 1999, umewasaidia wakimbizi wengi kwa ushauri wa kisheria. Kiwanja cha makazi ulipewa kukitumia tu, kwa hiyo usikiandike kama urithi. Mwombe kiongozi wa RWC akueleze mapema nini kinatakiwa ili anayebaki na mtu wako aendelee kukitumia.

Kuhusu kuhamishiwa nchi ya tatu, nawasihi msiufanye kuwa mpango wa uzee. Mnamo Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimeshauza vyombo zilibaki zimekaa juu ya mizigo. Kama jina lenu lipo, ngojeni, lakini daftari na likelemba ya siku viendelee. Anayewaomba fedha ili mtu wenu mwenye ulemavu apewe kipaumbele ni mwizi, kwa sababu huduma zote za UNHCR na za OPM ni za bure. Namba ya siri ya simu ya fedha nayo usimpe kijana anayekusaidia kutoa. Mwambie asome ujumbe, namba ubonyeze mwenyewe.

Siku ya hospitali

Hospitali za serikali hapa zinategemea kwamba kila mgonjwa ana mtu wa kumkalia: wa kuleta beseni, shuka, chakula, wa kukimbilia dawa nje ya lango zikikosekana. Kwa nyumba yetu maana yake ni kwamba wewe ukilazwa, watahitajika watu wawili kwa wakati mmoja, mmoja wa kukukalia wewe na mwingine wa kubaki nyumbani. Wapange sasa, kwa majina. Weka mfuko mmoja karibu na mlango wenye nakala za hati, kitabu cha matibabu, nguo mbili, vitambaa vya kujisitiri, na fedha kidogo ya usafiri. Dawa za kifafa kama kabamazepini au fenobabitoni zisipungue za majuma mawili, kwa sababu kuzikatiza ghafla huweza kuleta degedege lisilokoma. Wanaoombewa waendelee kuombewa, na vidonge vimezwe vile vile.

Lugha nayo huua. Katiba ya Uganda, baada ya marekebisho ya 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini kwenye dirisha la dawa huko Mbarara au Kampala unaweza kukuta hakuna anayekisikia vizuri. Mwombe mtu anayejua Kiganda au Kinyankole akuandikie nyuma ya daftari maelezo mafupi ya ugonjwa wa mtu wako, ili umwonyeshe mhudumu. Jifunze maneno machache ya Kiganda: musawo ni mganga au muuguzi, eddagala ni dawa, ensimbu ni kifafa. Ukikabidhiwa dawa, mrudishie mhudumu maelezo kwa vidole, ngapi asubuhi na ngapi jioni, na usiondoke dirishani mpaka ameitikia.

Usiku wa majaribio

Ukishafika hapa, chagua usiku mmoja usio na shida yoyote, ukalale kwa jirani. Msaidizi alale nyumbani na mtu wako, daftari likiwa limetundikwa mahali pake na simu yako ikiwa wazi. Usimpigie. Usije saa sita kuchungulia dirishani, ingawa moyo utakusukuma. Baada ya majuma mawili rudieni, safari hii siku mbili mfululizo, kisha baada ya mwezi nenda ukamtembelee nduguyo kwenye makazi ya Kyaka au Kyangwali na urudi siku ya tatu. Ukirudi, mkae wawili na mtu wako katikati yenu, umtazame ngozi, umtazame anavyompokea yule msaidizi asubuhi, kisha mfungue daftari na msaidizi aandike kwa mkono wake mambo aliyoyakuta usiku ambayo wewe hukuwa umeyataja.